Kidonda Kiko Ulimini, Kwa Nini Daktari Aguse Shingo?

Familia inayouguza saratani ya kinywa hukutana na jambo gumu kulielewa. Kidonda kiko ulimini, lakini daktari anashauri kupasua shingo. Hapa Msalato tumewasikia watu wakisema kuwa kisu ndicho kinachoiamsha saratani, na kwa kauli hiyo mgonjwa hurudishwa nyumbani. Kwa kuwa uamuzi huu huachiwa wana ndugu, tumeona ni wajibu wetu kuueleza.

Saratani ya ulimi au ya shavu inapoanza kusambaa, kwa kawaida hutangulia kwenye matezi ya shingoni. Ikishafika huko, matumaini ya kupona hupungua kwa takriban nusu. Taabu ni kwamba mwanzoni matezi hayo huweza kuwa na saratani bila kuvimba wala kuuma, na vidole vya daktari visiguse kitu.

Je, yaondolewe mapema, au isubiriwe hadi yavimbe? Madaktari wa hospitali ya Tata Memorial, mjini Mumbai, India, walilijibu swali hilo mwaka 2015. Miongoni mwa walioondolewa matezi mapema, asilimia 80 walikuwa hai baada ya miaka 3. Kwa waliosubiri, asilimia 67.5. Basi kisu hakikuiamsha saratani, bali kiliokoa watu. Hata hivyo, wengi wa waliopasuliwa mapema hawakukutwa na saratani katika matezi yao, na upasuaji huo huweza kumwachia mtu maumivu na udhaifu wa bega.

Hapo ndipo wanasayansi wanapozitazama protini. Chembe za ngozi laini ya kinywa hushikamana kama matofali ukutani, na moja ya protini zinazozishikanisha huitwa kadherini aina ya E. Inapopungua, chembe hulegea na kuweza kuhama. Nyingine, podoplanini, huongezeka katika baadhi ya uvimbe, na imehusishwa na kusambaa. Daktari wa maabara hukipaka rangi maalumu kipande kidogo cha nyama kilichokatwa kidondani, kisha hutazama kwa hadubini protini ipi ipo na ipi imetoweka. Tumaini ni kumtambua mapema anayehitaji kupasuliwa shingo, na kumwepushia asiyehitaji.

Lakini tusiwape watu matumaini yasiyo na msingi. Tafiti za protini hizi hazijaafikiana, na hadi sasa hakuna hata moja inayotosha peke yake kuamua upasuaji. Kipimo kinachotegemewa zaidi ni kina cha uvimbe: kadiri unavyozama ndani ya nyama, ndivyo hatari inavyokua. Kwa maneno mengine, kuwahi bado ndiko kunakookoa.

Na kuwahi kunawezekana majumbani mwetu. Tunasukutua kila tunapotia udhu. Ni fursa ya kutambua kidonda, uvimbe, au baka jeupe au jekundu. Likidumu zaidi ya wiki 2, mgonjwa aende kituo cha afya, ambako anaweza kupewa rufaa ya hospitali kubwa za jijini Dodoma, kama Benjamin Mkapa, na ikibidi Taasisi ya Saratani Ocean Road, Dar es Salaam. Kukatwa kinyama cha vipimo kusiogopwe, maana bila hicho hakuna uhakika wa ugonjwa.

Wazee wetu wanaoweka ugoro mdomoni, na vijana wanaovuta sigara, tuwasihi kwa upole waache. Watafunao tambuu nao wajue kuwa Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani lilichapisha mwaka 2004 uamuzi wake kwamba popoo, hata bila tumbaku, husababisha saratani.

Mwenye kidonda asione haya kukionyesha, na jamaa zake wasimcheleweshe. Kutafuta tiba hakupingani na kumtegemea Mwenyezi Mungu.