Kurejesha Mazoea ya Kuandika

Kila mkufunzi wa lugha amekutana na jambo hili. Mwanachuo huandika kwa bidii katika muhula wa kwanza, na daftari lake hujaa. Kisha huenda kwenye mazoezi ya kufundisha. Usiku hutayarisha maandalio ya masomo na kusahihisha madaftari ya darasa zima. Anaporejea chuoni, kalamu yake imekauka. Naye ndiye atakayewaamuru watoto waandike insha! Sisi wakufunzi hatuna nafuu kubwa, ingawa hatupendi kukiri.

Kosa la kawaida ni kutaka kulipa deni lote kwa mara moja. Aliyeacha kuandika kwa miezi mitatu huazimia kurasa kumi kila siku. Siku ya tatu hushindwa, ya nne huona haya, ya tano huacha kabisa. Tunapendekeza kipimo kidogo. Mmarekani Peter Elbow, katika kitabu chake Writing Without Teachers cha mwaka 1973, alishauri dakika kumi, angalau mara tatu kwa wiki, mtu aandike mfululizo bila kusimama wala kufuta, hata kama la kuandika ni kwamba hana la kuandika. Dakika hizo hupatikana hata kabla ya kengele ya mstarini.

Hata hivyo, azma ya mtu aliye peke yake huchoka upesi. Ndiyo maana Elbow alieleza pia kikundi kinachokutana kila wiki: kila mmoja huleta andiko, wenzake humweleza walichokipata walipolisoma au kulisikia, naye husikiliza bila kujitetea. Mwaka 1974 huko Berkeley, James Gray na wenzake walianzisha mpango wa kuwakutanisha walimu wakishikilia kwamba mwalimu wa uandishi sharti mwenyewe aandike.

Sisi tulianza tukiwa sita, kila Alhamisi baada ya masomo. Wiki ya pili tuliharibu. Kwa mazoea ya kazi yetu tulitoa kalamu nyekundu, tukasahihisha upatanisho wa kisarufi na nukta, na wawili hawakuonekana tena kwa mwezi mzima. Kalamu hizo tukaziacha ofisini. Sasa msikilizaji husema mambo mawili tu: sentensi gani imembakia, na ni wapi alipopotea. Asiye na andiko huja vilevile na kusikiliza, wala haulizwi alikuwa wapi. Sharti hili la mwisho, kwa maoni yetu, ndilo zito kuliko yote.

Mmoja wa wale wawili alirudi. Kwa majuma mawili alikaa kimya. La tatu alisoma nusu ukurasa kuhusu kisima cha nyumbani kwao, kisha akaomba radhi kwa ufupi wake. Mwenzetu akamwambia kwamba alipotea pale kamba ilipokatika: ndoo ilikwenda wapi? Alhamisi iliyofuata alileta kurasa mbili.