Andika kwanza « Wamaza », kisha andika majina ya watu

Ordinatere zenye kufika kwetu hazitoki fasi moja. Zingine zilishatumika Ulaya, na klavye yao inaanza na AZERTY, kama ile ya mashini za zamani za ofisi. Zingine zinapita Tanzania, na hizo ni QWERTY. Kati ya hizo mbili, A na Q zinabadilishana fasi, Z na W vilevile, na M inatoka pembeni ya L inashuka chini.

Mashini haisomi herufi zenye kuchorwa juu ya kifungo. Inajua tu fasi kidole kimefinya. Ukiwa na klavye ya AZERTY, na ndani imepangwa Kiingereza, ukiandika wamaza itatoka zq;qwq. Kwa QWERTY yenye kupangwa Kifaransa, namba za mustari wa juu ndizo zinaharibika: kilo 270 zinakuwa « éèà ».

Hayo kila mtu anaona na kucheka. Sisi wa sendika tunaogopa kosa lenye kujificha. Mama Wivine akiandikwa Zivine, nani atashituka? Iko sawa na jina. Lakini bwana yake akifia shimoni, karte yake ya uchaguzi inasema Wivine, orodha inasema Zivine, na njo mwanzo wa kutembea ofisi kwa ofisi. Na tangu code minier ilipobadilishwa mwaka 2018, mchimbaji wa mikono lazima awe ndani ya koperative. Orodha si karatasi ya bure tena.

Kwa hiyo tunaomba makarani: mbele ya kila orodha, andikeni Wamaza. Jina la kwetu lina W, A, M na Z, karibu herufi zote zenye kuhama. Likitoka vibaya, kwa Windows angalia chini kuume, karibu na saa: FRA au ENG. Shika kifungo cha Windows, finya espace, itabadilika. Kama lugha ya pili haimo, ingia Paramètres, Heure et langue, uiongeze.

Mot de passe ikikataliwa, usikimbilie kusema mashini imekufa. Finya kajicho kadogo pembeni uone nini umeandika.

Na ninyi wachimbaji, msiweke sahihi kabla karani hajawasomea majina kwa sauti, yenu na ya warithi, herufi kwa herufi, karte ikiwa mkononi.