Mtoto akiuliza kuhusu sanamu za Mkunazini

Safari ya familia kutoka Morogoro kwenda Zanzibar siku hizi ni nyepesi: treni ya SGR hadi Dar es Salaam, kisha boti. Watoto husubiri kwa hamu bahari, pweza wa Forodhani na milango ya nakshi ya Mji Mkongwe. Ni wachache wanaoandaliwa kwa watakachokiona Mkunazini.

Hapo, pembeni mwa Kanisa Kuu la Anglikana, kuna shimo lenye sanamu tano za watu, wamefungwa minyororo shingoni. Ni kazi ya msanii Clara Sörnäs kutoka Sweden, iliyowekwa mwaka 1998 katika eneo la soko la watumwa lililofungwa mwaka 1873.

Mtoto anaweza kuuliza: “Mbona hawatoki?”

Mzazi akimvuta mkono na kusema ni mambo ya kale, mtoto huondoka na picha ya kutisha isiyo na maelezo. Hofu hiyo inaweza kumrudia usiku.

Ni vyema kumweleza kabla ya safari. Mkifika, muulize anaona nini, kisha jibu alichouliza tu. Kwa mdogo, jibu fupi linatosha: watu hawa walinyang’anywa uhuru, lilikuwa kosa kubwa, na soko lile lilifungwa. Anayeogopa giza asilazimishwe kuingia vyumba vya chini vinavyooneshwa wageni hapo.

Kwa mtoto mkubwa, mzazi wa Morogoro ana la kuongeza. Misafara ya biashara, ikiwamo ya watumwa, ilipita chini ya milima ya Uluguru. Henry Morton Stanley alipopita mwaka 1871 aliukuta mji wa Simbamwene, ulioanzishwa na Kisabengo. Ulikuwa na ukuta wa mawe na milango ya mbao yenye nakshi, ambayo alidhani ilitengenezwa Zanzibar au pwani. Stanley alimwelezea Kisabengo kuwa mtu aliyewakusanya watumwa watoro, na pia aliyeteka watu.

Hivyo nakshi na minyororo ni sehemu ya historia ya nyumbani pia, na mtoto anayo haki ya kuijua kutoka kwa mzazi wake.

Usiku huo mpe karatasi achore alichokiona, akusimulie. Akiendelea kuota ndoto za kutisha au kukosa usingizi kwa wiki kadhaa, mpeleke kwa mhudumu wa afya.