Mshono wa Kibofu cha Mbwa

Hapa Igogo mbwa ni mlinzi wa nyumba nyingi. Dume akijikamua bila kutoa mkojo, huenda jiwe limeziba njia. Asipotibiwa, hufa kwa siku chache.

Daktari wa mifugo hulisukuma jiwe kibofuni kwa maji, kisha huwa na njia mbili za kulitoa. Ya zamani ni kupasua tumbo, kufungua kibofu na kushona kwa mkono. Ya pili, laparoskopi, hutumia matundu madogo: tumbo hujazwa gesi, kamera huingizwa, na mshono hupigwa kwa vyombo virefu. Maumivu hupungua, lakini vyombo ni ghali na kufunga fundo humo kunataka mafunzo marefu.

Mimi nasema tusibabaikie kamera. Njia yoyote iwayo, kibofu kinataka mshono usiovuja na uzi unaoyeyuka. Uzi wa hariri ukibaki ndani, jiwe jipya huweza kuota juu yake. Kikishonwa vizuri, kibofu hurudisha nguvu zake kwa wiki 2 hadi 3.

Kwa hiyo, mwenye mbwa, usingoje mashine. Wahi kwa daktari, umwulize mambo mawili: atashona kwa uzi gani, na je, atakijaza kibofu maji kuona kama mshono unavuja?