Walima Zabibu na Mfuko wa Jiji: Nani Anailipia Soka ya Dodoma?

Mwaka 2020 klabu tatu zilipanda Ligi Kuu Tanzania Bara: Dodoma Jiji, Gwambina ya Misungwi na Ihefu ya Mbarali. Msimu ulipokwisha, Gwambina na Ihefu zilishuka. Ihefu ilirudi, na Novemba 2022 ikazima rekodi ya Yanga ya mechi 49 za ligi bila kufungwa. Hata hivyo, mwaka 2024 ilihamia Singida na kuwa Singida Black Stars, na Mbarali ikabaki bila timu ya Ligi Kuu. Katika zile tatu, iliyobaki nyumbani kwake na jina lake ni moja tu, ile ya Halmashauri ya Jiji la Dodoma.

Magazeti huiita klabu hiyo Walima Zabibu. Kwa watu wa Hombolo, kama kilomita 40 kutoka katikati ya mji, jina hilo lina uzito wa pekee. Kata za Hombolo Bwawani na Hombolo Makulu zimo ndani ya mipaka ya Jiji, na zabibu ni uchumi wao. Ushuru na tozo wanazolipa huingia katika mfuko uleule unaoibeba timu. Kwa hiyo mkulima wa Hombolo anayeshangilia Uwanja wa Jamhuri ni mmoja wa wanaoigharimia. Ana haki ya kuuliza fedha yake inafanya nini.

Fedha ilitoka wapi

Dodoma haikuanza soka na Dodoma Jiji. Mji huu uliwahi kuwa na CDA, Waziri Mkuu na Polisi Dodoma, na majina hayo yanaeleza nani alikuwa analipa: mamlaka ya ustawishaji makao makuu, ofisi ya serikali, jeshi la polisi. Bajeti ya taasisi ilipoyumba, timu nayo iliyumba.

Mambo yalibadilika Mei 2017. Rais John Magufuli aliivunja CDA, iliyoundwa mwaka 1973 Dodoma ilipochaguliwa kuwa makao makuu, na majukumu yake yakahamia Manispaa pamoja na ardhi. Aprili 26, 2018 Manispaa ikatangazwa kuwa Jiji. Serikali ilikuwa inahamia Dodoma kwa kishindo, viwanja vikauzwa kwa wingi, na katika mwaka wa fedha 2018/19 Jiji la Dodoma likaongoza halmashauri zote nchini kwa makusanyo ya mapato ya ndani. Miaka hiyohiyo timu, ikiitwa Dodoma FC, ilikuwa inapigania kupanda kutoka Daraja la Kwanza, kwanza chini ya kocha Jamhuri Kihwelo 'Julio', kisha chini ya Mbwana Makata aliyeipandisha. Kazi ya makocha na wachezaji ni kubwa, lakini msingi wa mafanikio hayo ni ardhi ya makao makuu.

Mfumo wa zamani, mwenye mali mpya

Nchi hii ina desturi ndefu ya timu za taasisi. Mtibwa Sugar, timu ya kiwanda cha sukari cha Morogoro, ilitwaa ubingwa mwaka 1999 na 2000. Kagera Sugar ilizaliwa kwa namna hiyohiyo. Tanzania Prisons na JKT Tanzania zimesimama juu ya ajira, kwa kuwa wengi wa wachezaji wao ni askari wenye cheo na mshahara hata mpira ukiisha.

Suala la mchezaji mwenye kazi nyingine ni la zamani na la dunia nzima. Agosti 1895, klabu za raga za kaskazini mwa Uingereza zilikutana Huddersfield na kujitenga na chama chao. Wachezaji wao walikuwa wachimba makaa na wafanyakazi wa viwandani, na kila Jumamosi waliyocheza walikatwa ujira. Klabu zilitaka kuwafidia, wakubwa wa London wakakataa. Hapo ndipo ulipozaliwa mchezo unaoitwa raga ya ligi, na mwaka 1898 malipo kamili yaliruhusiwa kwa sharti kwamba mchezaji awe na kazi nyingine halali. Miji midogo ya wafanyakazi iliendesha klabu zake hivyo kwa vizazi. Iliziweka hai kwa kukubali kwamba jasho la mchezaji lina bei na bei hiyo lazima ilipwe na mtu anayejulikana.

Kwetu, mtu huyo sasa ni halmashauri. Mbeya City iliundwa na Halmashauri ya Jiji la Mbeya mwaka 2011, ikapanda, na msimu wake wa kwanza wa 2013/14 ikamaliza ya tatu chini ya Juma Mwambusi. Kinondoni ikaleta KMC mwaka 2018. Pamba ya Mwanza, iliyoshuka mwaka 2001, ilirudi Ligi Kuu mwaka 2024 ikiitwa Pamba Jiji. Hata hivyo, halmashauri si kinga kamili: Mbeya City ilishuka mwaka 2023 na ikahitaji misimu miwili kurudi.

Hesabu za msimu

Ligi yenyewe imepata thamani. Mei 2021 Azam Media ilisaini mkataba wa miaka 10 wa haki za matangazo wenye thamani ya Sh225.6 bilioni, na Oktoba mwaka huohuo Benki ya NBC ikawa mdhamini mkuu kwa Sh2.5 bilioni kwa mwaka. Fedha hizo zimezipa klabu ndogo kitu ambacho hazikuwa nacho: mapato yanayotabirika.

Zaidi ya hapo, pengo ni kubwa. Mwaka 2022 Yanga ilisaini na SportPesa mkataba wa miaka mitatu wa zaidi ya Sh12 bilioni, na Simba na M-Bet mkataba wa miaka mitano wa zaidi ya Sh26 bilioni. Klabu ya mkoani haina mashabiki wa nchi nzima wa kumuuzia mdhamini. Mapato yake ya mlangoni huwa ya maana pale Simba au Yanga inapokuja. Mechi nyingine, baada ya kodi, gharama za uwanja na makato mengine, hubaki kidogo. Na uwanja si wake: Jamhuri ni mali ya CCM, kwa hiyo klabu ni mpangaji, na mpangaji hajengi vibanda vya biashara wala hauzi mabango ya kudumu.

Matumizi nayo hayasubiri. Mishahara, usajili na kambi ni vya kila mwezi, na jiografia ya Tanzania hula fedha: leo Ruangwa, wiki ijayo Kigoma. Treni ya SGR, iliyofika Dodoma mwaka 2024, imerahisisha safari za njia ya Dar es Salaam pekee. Februari 2025 basi la Dodoma Jiji lilipata ajali mkoani Lindi likitoka Ruangwa kucheza na Namungo. Wachezaji na viongozi wakajeruhiwa, na mechi ya Simba ikaahirishwa. Usafiri salama ni gharama ya lazima, na ndiyo ya kwanza kubanwa fedha inapopungua.

Funzo liko Hombolo

Hombolo pia ina Chuo cha Serikali za Mitaa, kilichoanzishwa kwa sheria ya mwaka 1994. Hapo watumishi wa halmashauri husomea fedha za umma, bajeti na uwajibikaji. Wanajua kwamba kila shilingi ya mapato ya ndani ina wadai: madarasa, zahanati, barabara za mitaa, na asilimia 10 ya kuwakopesha wanawake, vijana na watu wenye ulemavu. Timu ya mpira inakaa katika foleni hiyo. Mauzo ya viwanja yakipoa, au mkurugenzi aliyeipenda timu akihamishwa, au baraza jipya la madiwani likija na vipaumbele vingine, foleni hubadilika.

Ndiyo maana naamini Dodoma ina nafasi ambayo haitadumu milele. Jiji limeinusuru klabu katika miaka migumu ya mwanzo. Sasa liifundishe kujitegemea. Klabu isajiliwe kama kampuni, Jiji likiwa na hisa nyingi na wananchi wakiuziwa sehemu, kwa roho ya kanuni ya asilimia 51 kwa wanachama iliyotumika Simba ilipomkaribisha Mohammed Dewji. Hesabu zake zilizokaguliwa zisomwe hadharani kila mwaka, na mchango wa Jiji upungue kwa ratiba inayojulikana badala ya kukatika ghafla.

Jina nalo lifanye kazi. Dodoma ndiyo nyumba ya mvinyo wa Tanzania, na Hombolo imo katikati ya biashara hiyo, ikiwa na mashamba na kiwanda cha CETAWICO. Bia ya Kilimanjaro iliwahi kudhamini Simba na Yanga kwa miaka mingi, kwa hiyo njia inajulikana. Viwanda vya zabibu, mvinyo na hata juisi vinahitaji soko la ndani. Klabu inayoitwa Walima Zabibu inaonekana kwenye televisheni karibu kila wiki ya msimu. Mkataba kati yao ungerudisha sehemu ya fedha kwa mkulima kupitia mauzo, badala ya kumtoza tu kupitia ushuru.

Mbarali ilipoteza timu kwa sababu haikuwa mali yake. Dodoma bado inayo, na itaendelea kuwa nayo pale tu wamiliki wake, kuanzia madiwani hadi wakulima wa Hombolo, watakapoisoma bajeti yake kwa umakini uleule wanaosomea msimamo wa ligi.