Boriti Inayooza Kimya Kimya

Masika yaliyopita niliona doa jeusi katika boriti ya chumba wanamolala watoto wangu. Bati lilikuwa na tundu la msumari, na maji yalidondoka hapo kila mvua iliponyesha. Nikanunua rangi, nikapaka, doa likatoweka. Nikajiona fundi. Baada ya miezi michache nilichoma kisu pale pale, kikazama kama katika muhogo uliopikwa. Usiku ule watoto walilala sebuleni.

Wengi husema, "Ni mchwa." Lakini mchwa huacha udongo na njia zake. Ugonjwa huu huletwa na kuvu, ndugu wa uyoga. Mbegu zake hazionekani kwa macho, nazo huchukuliwa na hewa mahali po pote. Lakini katika ubao mkavu haziwezi kuota. Basi adui wa kwanza ni maji.

Utautambuaje? Tazama miguu ya nguzo, vizingiti, na boriti zilizo chini ya bati bovu. Ubao mbovu hunuka uvundo na huwa mwepesi. Pengine hugeuka kahawia na kupasuka vipande vya mraba. Pengine huwa mweupe wenye nyuzinyuzi. Choma kwa ncha ya kisu, ubandue: mti mzima hutoa kibanzi kirefu, mti mbovu hukatika vipande vifupi.

Dawa yake ni hii. Kwanza, ziba tundu. Pili, tegemeza paa kwa nguzo imara kabla ya kukata cho chote. Tatu, kata sehemu mbovu, na zaidi yake kama futi moja ya mti unaoonekana mzima. Nne, acha palipobaki pakauke kabisa, ndipo uunge ubao mkavu. Dawa ya boraksi hufaa kwa mbao za ndani; nje mvua huiosha. Nguzo za barazani zisimame juu ya jiwe au saruji, zisiguse udongo.

Usipake rangi juu ya ubao uliolowa. Mimi nilifanya hivyo, nikayafungia maji ndani. Kama ningaliziba tundu lile siku ya kwanza, nisingalinunua boriti nzima.

Basi akina baba, Jumamosi hii chukueni ngazi na kisu, mkague kila boriti iliyo juu ya vitanda vya watoto wenu, kabla mvua hazijaanza.