Fahamu: Mtindio wa ubongo, na mazoezi yanayomsaidia mtoto Uvira

Mtindio wa ubongo si uchawi wala laana. Ni jeraha la ubongo linalompata mtoto akiwa tumboni, anapozaliwa au akiwa bado mchanga: kukosa hewa uchungu ukichelewa, manjano kali isiyotibiwa, homa ya uti wa mgongo. Jeraha lenyewe haliongezeki, ila misuli huzidi kukakamaa viungo visipotumika.

Wazazi wengi huomba mtoto akandwe na kunyooshwa. Hakudhuru kukifanywa taratibu, lakini peke yake hakutoshi. Kinachosaidia zaidi ni mtoto mwenyewe kujaribu jambo analolitaka, kama kugeuka, kushika kikombe au kukaa akichezea kopo, tena na tena, kila siku, nyumbani. Alishwe akiwa amekaa. Akilala chali, chakula huweza kuingia mapafuni.

Heri Kwetu, kituo cha watu wenye ulemavu, kiko Bukavu, zaidi ya kilomita 100 kutoka Uvira kupitia bonde la Ruzizi. Tangu waasi wa M23 walipoliteka jiji hilo Februari 2025, safari hiyo imekuwa ya mashaka. Hivyo mzazi aliyefundishwa mazoezi ndiye tegemeo la kwanza.

Mtoto wa miezi 9 asiyekaa, au anayetumia mkono mmoja tu kabla ya mwaka 1, mpelekeni kituo cha afya kilicho karibu. Msingoje.